Kupokea Mbele

Jumapili, 30 Novemba

Majilio yameanza bila mimi. Mshumaa wa kwanza unawashwa kanisani, mimi niko nyumbani nambadilishia Baba shuka. Shangazi ndiye aliyekwenda Misa ya pili, akarudi viatu mkononi, habari mdomoni. Kwaya imepwaya. Paroko amehubiri kwa kifupi, Mungu ambariki. Na Madam wa kamati ya wahitaji akasimama kwenye matangazo – boksi la wahitaji wa Krismasi limeshawekwa mlangoni, watu walete mchele, sukari, sabuni, nguo ambazo hazijachanika. Hilo la kuchanika alilirudia. Mwaka jana kuna mtu alileta suruali isiyo na zipu, na mtu huyo hakuwa maskini.

Halafu Shangazi akakaa kitako, akavuta pumzi ya mtu mwenye jambo. Kuna mfadhili ametoa kiti cha magurudumu. Kipya, cha dukani, bado kiko kwenye nailoni yake. Kimoja kwa parokia nzima.

Nilikuwa nakamua kitambaa. Nikasahau kukamua, maji yakanimwagikia miguuni.

Jumanne, 2 Desemba

Nesi amekuja kusafisha kidonda cha Baba. Kwa kawaida mdomo wake haufungi, atakusimulia mpaka ugomvi wa majirani zake. Leo kimya. Alipomaliza akanivuta nje, pale kwenye kamba ya nguo, akaniambia bila kuzunguka: mzee analala chali mno. Kidonda kinachimba. Kikifika mfupani, hizi dawa zetu ni za kufariji tu. Akalishwe, mchana kutwa, mgongo upumue.

Nikamwambia tumejaribu! Kiti cha plastiki anateleza kuelekea ule upande uliokufa kwa kiharusi. Sofa linammeza. Siku moja tulimfunga kwa shuka kwenye kiti cha mbao, Shangazi akivuta huku, mimi kule, tukasikia analia. Sirudii tena.

Nesi kasema kinatakiwa kiti chenye mkanda na mto wake. Bei yake naijua, niliuliza mwezi wa nane. Muuzaji alipoona uso wangu akanionyesha magongo.

Nimeshona sketi za shule mpaka jioni. Nyingi nimezifumua.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimekwenda kwa Madam. Ni mwalimu mkuu mstaafu, sasa mwenyekiti wa kamati ya wahitaji, na hata kwake sebuleni unaketi kama uliyeitwa ofisini. Nikamweleza kidonda. Akanisikiliza mpaka mwisho, macho yakamlengalenga – na si mtu wa machozi ya ovyo. Kasema: “Binti, kiti ni cha mzee wako. Nani atapinga? Lakini atapokea mbele, kama wote.”

Nikamwambia Baba hatembei, hasemi. Kasema anajua. “Sheria si yangu. Ni yake mwenyewe.”

Ni kweli. Ndiyo maana niko jikoni saa hizi nauma kalamu. Zamani zawadi za Krismasi zilipelekwa majumbani, na njiani magunia yalikuwa yanakonda. Watu wakanung'unika. Baba wakati huo ndiye mwenyekiti, ndiye msoma matangazo – Mzee Spika, maana alikuwa hahitaji maikrofoni, hata muuza karanga wa getini alisikia ndoa zinazotangazwa. Akasimama akasema, kuanzia mwaka huu kila anayepewa atapokea mbele. Siku ya Krismasi, baada ya Komunyo, pale kwenye pango la Mtoto Yesu. Na atasema neno la shukrani kwa mdomo wake, kanisa zima lijue mali imefika. Wizi ulikoma palepale. Paroko wa enzi hizo alimsifu Baba kwenye mahubiri. Na ilikuwa haki, nani atasema haikuwa haki?

Kamati itakuja kumwuliza kama yuko tayari. Hiyo nayo ni kanuni yake: asipewe mtu asiyekubali.

Jumapili, 7 Desemba

Nimemwambia.

Nilichagua wakati ameshiba uji, amegeuzwa upande, redio inaimba. Nilianza na kiti. Kina breki, nikamwambia. Unaweza kukaa uani asubuhi ukaona watu. Macho yakamng'aa kidogo. Halafu nikasema, kwa haraka, habari ya kupokea mbele.

Tangu kiharusi, maneno ya Baba hutoka kama mtu anayeongea na kitambaa mdomoni. Wengine husikia mlio tu. Mimi namsikia – sijui vipi, labda kwa sababu ndiye aliyenifundisha kusema. Shangazi naye hudai anamsikia. Juzi Baba kaomba dirisha lifunguliwe, Shangazi akamletea beseni la haja.

Leo kasema: “Mimi sipokei mbele.”

Nikambembeleza. Kasema: “Niliwasimamisha wengine. Nilikuwa nawatazama.” Akapumzika. “Hapana. Afadhali hapahapa.”

Shangazi akauliza anataka maji?

Jumanne, 9 Desemba

Mama Ndoo amekuja kunisaidia kumwosha Baba. Hutufulia mashuka, na kwenye kunyanyua ana nguvu kuliko mwanaume. Nimemweleza yote wakati tunasuuza. Nilihitaji mtu.

Hakushangaa. Yeye alipokea mbele, miaka mingi sasa, mjane mbichi mwenye watoto wadogo. Alipewa ndoo yenye mchele na sabuni. Baba akamsogezea maikrofoni aseme neno, na yeye kwa woga akasema, “Asanteni, na mwakani pia.” Kanisa zima likaangua kicheko. Tangu hapo ni Mama Ndoo. Watoto wake shuleni, watoto wa Ndoo. Jina lake mimi silijui, nimejikuta nashindwa kumwuliza.

Nikamwuliza badala yake kama alimchukia Baba. Kasema: “Kidogo. Nikiwa njiani narudi. Halafu nikapika, watoto wakala wakalala. Mdogo wangu, mtu aliyeshiba hasira inamchosha.”

Akamkunjua Baba ule mkono mbovu, kidole kimoja kimoja, akaufuta katikati ya vidole. Baba alikuwa ameangalia ukutani.

Jumamosi, 13 Desemba

Wamekuja. Madam na wazee wawili wa kamati, mmoja akakalia stuli yangu ya cherehani na hakuthubutu kujisogeza. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Wakasali. Nyumba nimeipiga dawa ya sakafu tangu alfajiri lakini harufu ya kidonda ina ukaidi wake. Madam hakuziba pua. Nampa hilo.

Akasogea karibu na kitanda, akaongea taratibu kwa heshima: “Mzee Spika, kamati imeona kiti kije kwako. Je, uko tayari kupokea mbele?”

Baba akakusanya pumzi. Akasema maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima. Nililisikia kila moja. Kasema: “Nawashukuru kwa kuja. Mpeni mwingine. Mimi mbele siendi.” Na akatikisa kichwa.

Wote wakanigeukia. “Anasemaje?”

Nikasema, “Anasema anawashukuru kwa kuja.”

Hilo ni kweli! Ningeishia hapo. Madam akauliza, “Na?”

“Na yuko tayari.”

Yule mzee wa kwenye stuli akasema mbona anatikisa kichwa. Nikasema – kinywa changu kilikuwa chepesi, kilishangaza hata mimi – kichwa hicho kinatikisika chenyewe tangu alipougua. Wakaguna kwa huruma. Madam akamshika Baba mkono, akamwambia parokia haitamsahau.

Walipotoka niliwasindikiza mpaka barabarani, mbali kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa naogopa kurudi ndani.

Jumapili, 14 Desemba

Baba kasema neno moja tu tangu jana: “Mwongo.”

Shangazi kasema, mpe mto mwingine, anaomba mto.

Alhamisi, 18 Desemba

Kidonda kimefungua mdomo. Nesi kaniita niangalie mwenyewe, nisije kusema sikuambiwa. Nimeangalia. Sitaandika.

Kaka amepiga simu. Yuko mbali, ana ushauri mwingi. Kasema si kiti tu, mpelekeni apokee, tatizo liko wapi. Nikamwambia tatizo liko kitandani, njoo uliinue. Akasema mtandao unakatika.

Baba alinitazama wakati nambadilishia bandeji. Niliongea peke yangu muda wote. Nikamwambia: unanikasirikia, sawa. Kasirika ukiwa umekaa. Kasirika ukiwa hai. Nikaona nimempandishia sauti mtu asiyeweza hata kunigeuzia mgongo, nikatoka nikalia kwenye cherehani, juu ya sketi za watu.

Jumapili, 21 Desemba

Nimejikaza nikaenda kwa Paroko baada ya Misa. Bado kijana, hana mwaka hapa, viatu vyake vina vumbi kama vyetu. Sikumwambia kuhusu uongo. Nilimwomba tu: Padre, kiti kiletwe nyumbani, kimyakimya, baba yangu ni mgonjwa sana.

Akakubali papo hapo. Kasema hata leo! Nikatoka pale naona njia nzima ni yangu.

Sikufika mbali. Mhudumu wa ofisi akanikimbilia, Paroko ananiita tena. Nikamkuta na Madam. Habari zimeshawafikia waliowahi kupokea, sijui kwa mabawa gani. Kuna waliosema wazi pale nje: Spika naye apokee kama sisi tulivyopokea, au yeye damu yake ni ya bluu? Madam hakuwa na ubaya. Kasema wakipelekewa wengine nyumbani, na wale waliosimama mbele tuwaambie nini, kwamba ilikuwa ya nini? Paroko akatazama meza. Kasema, “Mzee si amekubali lakini? Wewe ndiye uliyesema.”

Ndiyo, Padre. Mimi ndiye niliyesema.

Jumatano, 24 Desemba

Nimemnyoa Baba. Nimepunguza suti yake ya harusi za watu, mabega yameisha. Nimepiga pasi. Nilipomjaribisha koti hakupinga, hakusaidia. Mwili umelegea kabisa, kama unamvalisha mtu asiyekuwepo.

Nikamwambia ni dakika chache tu. Nikamwambia wote wanampenda. Nikamwambia akitaka, aseme hapana sasa hivi na mimi nitakwenda kumwambia Madam.

Kasema: “Hapana.”

Sikwenda.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa hivyo.

Ili apewe kiti cha magurudumu ilibidi abebwe kwenye kiti cha plastiki. Wanaume wanne wa jumuiya, mkono kila kona ya kiti, mimi nyuma nimeshika shuka niliyomfungia kifuani, Mama Ndoo pembeni kaushika mkono mbovu usining'inie. Njia nzima watoto wanatufuata wamevaa nguo mpya. Mmoja akauliza mama yake, babu ni maiti? Akapigwa kofi.

Kanisa limefurika mpaka nje. Tukawekwa mstari wa mbele, karibu na pango. Misa nzima sikusikia kitu. Nilikuwa natazama sikio la Baba. Lilikuwa jekundu.

Baada ya Komunyo Madam akasimama. Bibi mmoja akapokea blanketi, akasema Mungu awape, akarudi haraka. Mama mwenye mtoto mgongoni akapokea mfuko, akasema kitu hakikusikika, watu wakapiga makofi ya kumsaidia. Halafu Madam akaacha kusoma. Kasema aliyeanzisha utaratibu huu leo anakuja kuutimiza.

Wakamleta. Nailoni ilikuwa imetolewa, Paroko akakinyunyizia kiti maji ya baraka. Wale wanaume wakamhamisha. Mkanda ukafungwa. Na Baba akakaa! Akakaa wima. Mgongo sawa, shingo sawa, kama alivyokuwa akikaa siku za matangazo akisubiri zamu yake. Nilimwona mzee wangu mzima kwa mara moja, na nilisikia furaha – naiandika, nilisikia furaha kubwa, hakuna aliyenilazimisha.

Madam akamsogezea maikrofoni.

Watu walikuwa wanamsubiri Spika. Baba akavuta pumzi, sauti ikatoka, ikajaa kanisa zima, nzito, imeparaganyika. Kina mama wakaanza kupangusa macho. Alisema hivi: “Sikukubali. Binti yangu amewadanganya. Kipeni anayekitaka. Msinipigie makofi.”

Madam akaniletea maikrofoni. “Tusaidie, binti. Anasemaje?”

Kanisa zima linanitazama, na Baba ananitazama. Upande mmoja wa uso wake hausogei, lakini ule mwingine ulikuwa unaniomba. Si kwa hasira. Aliniomba, kama mtu anavyomwomba mwanawe amfungulie mlango.

Nikasema, “Anasema Mungu awalipe. Anasema hakutegemea. Anasema mmempa mgongo mpya.”

Vigelegele! Kwaya ikadaka hapohapo. Baba akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akausukuma mbele, akausukuma tena – rudisheni, rudisheni. Watu wakadhani anawapungia. Wakampungia nao, kanisa zima, mpaka watoto walionyanyuliwa mabegani. Aliwaangalia wanavyompungia. Kisha akaushusha mkono akauweka mapajani.

Shangazi njiani alikuwa na uso wa jua. Kasema, “Leo hata mimi nimemwelewa, neno kwa neno.”

Nikamwuliza kasemaje.

“Si kashukuru.”

Ijumaa, 26 Desemba

Haongei. Nikimletea kijiko mimi, mdomo unafungwa. Akimletea Shangazi, anakula. Hata si kwa hasira – anafumba tu, kama duka.

Amekaa kwenye kiti tangu asubuhi. Kinamkaa vizuri.

Jumapili, 28 Desemba

Familia Takatifu. Nimekwenda Misa ya kwanza, Shangazi kabaki naye. Kila hatua mtu ananishika bega. Mzee alitutoa machozi Krismasi, mzee alitugusa. Mwanamke mmoja kasema baada ya yale maneno alirudi nyumbani akafungua kabati, akatoa makoti mawili kwa ajili ya boksi, na kabla ya hapo hakuwahi kutoa hata soksi. Yale maneno! Nikamwambia Mungu ambariki. Ningemwambia nini?

Madam kasema kamati inafikiria kila mwaka kianze kusomwa kile alichosema Baba, kabla ya zawadi. Anataka nimwandikie kama nilivyokikumbuka.

Nikasema nitajaribu.

Nimefika nyumbani, nimempigia magoti mbele ya kiti. Baba, nimekosa. Baba, ungeoza. Nilisema yote mawili, sijui lipi ni la kwanza. Alikuwa anatazama uani, jua lilikuwa limemfikia miguuni. Nikamvuta nyuma kidogo lisimuunguze.

Jumatatu, 29 Desemba

Nesi kainama, kaangalia, kasimama, kainama tena. Kingo za kidonda zimekuwa za waridi. Ile harufu imepungua, si mawazo yangu tu, imepungua kweli. Kauliza tunafanya nini. Tunamkalisha, nikasema. Kacheka mwenyewe, mdomo umemrudi, akaanza kunisimulia majirani zake.

Nimecheka naye. Nilikuwa na hamu ya kumwambia Baba aliyoyasema nesi kuhusu jirani mwenye mbuzi. Zamani angecheka mpaka akohoe. Nikamwambia. Ukuta.

Sasa ndiyo naelewa. Mtu pekee anayesikia maneno yake ni mimi, na amenifungia. Kwa hiyo hana wa kusema naye duniani. Anajua hivyo, na amechagua.

Jumanne, 30 Desemba

Paroko yuko sebuleni. Nimesema nachemsha chai, ndio nimekaa hapa jikoni naandika.

Alikuja kwa miguu, peke yake, bila Madam. Kakataa sofa, akavuta stuli ya cherehani akakaa mbele ya Baba, magoti yao yanagusana. Shangazi kaenda sokoni, ningependa angekuwepo. Nikadhani amekuja na Komunyo ya mgonjwa. Hakuwa na kitu mkononi.

Kamwambia Baba: “Mzee, tangu Krismasi silali vizuri. Nilikuwa karibu yako kuliko wengine. Nimekuwa nikiuona ule mkono. Mtu anayepunga mkono hapungi vile.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya maji. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma.

Kasema: “Kama hukukitaka kiti hiki, niambie. Nitakichukua leo hii, na Jumapili nitasimama mimi mwenyewe mbele ya watu niseme tulikukosea. Hutaguswa wewe, wala binti yako. Nitajibebesha mimi.” Kisha akasema, “Na kama ulikikubali, niambie pia, nitulie.”

Nikaangalia mkanda kiunoni mwa Baba. Nikaangalia mgongo wake, bandeji ya leo ilivyotoka karibu safi. Nikasema moyoni: leo atasema hapana, na leo nitalisema kama alivyolisema. Naapa nilidhamiria. Nilikuwa tayari kumpoteza kwenye kile kitanda, ili mradi nisimwibie tena mdomo.

Baba akanigeukia. Mara ya kwanza tangu Krismasi ananitazama usoni. Akasema polepole, maneno machache, na kwa jinsi alivyojitahidi nilidhani hata Paroko atayasikia.

Paroko hakuyasikia. Akaniinulia macho. “Anasemaje?”

Alisema: “Atakachosema huyu, ndicho nilichosema.”

Nikasema, Padre, ngoja nilete chai.

Maji yanachemka muda sasa. Nisemeje? Nikisema amekikubali, ni uongo wa tatu, na amenipa ruhusa. Nikisema hakukikubali, kiti kinaondoka leo, na hilo nalo litakuwa ni mimi niliyelisema, si yeye. Na nikiyarudia maneno yake kama yalivyo, itabidi nimweleze Padre kwa nini baba mtu anasema hivyo kwa mwanawe.

Paroko kaita kutoka sebuleni, nisihangaike na sukari. Namjibu nakuja.

Baba amelirudia neno lake. Amelirudia kwa sauti kubwa mara hii, anajua nasikia.